Mpelelezi katika Riwaya za Unguja

Anayetaka kuijua Unguja ya karne ya ishirini aghalabu huelekezwa kwenye vitabu vya wanahistoria na mafaili ya serikali ya kikoloni. Huko atakuta tarehe, bei za karafuu na majina ya wakubwa. Asichokipata kwa urahisi ni namna watu walivyokuwa wakichungana: nani alisikiliza barazani, nani alipeleka habari, na nani alilala macho akingoja mlango ugongwe. Habari hiyo imehifadhiwa na watunzi wa riwaya. Wakisomwa kwa kufuatana, mtu mmoja huonekana akibadilika sura kitabu hadi kitabu, naye ni mpelelezi.

Wa kwanza anapendeza. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950. Hadithi hiyo ndiyo Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Shujaa wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, na udugu wake na Sherlock Holmes haufichiki. Bwana Ali ameuawa. Watu wanataja mizimu, Bwana Msa anamtafuta binadamu. Mpenzi wa mashairi atajiona nyumbani humu, kwani raha yake ni ile ile ya kufumbiwa fumbo na kuachiwa muda wa kulifumbua. Asiyewahi kuzisoma hadithi hizi aanze na hiyo, kisha aende Kisima cha Giningi ya mwaka 1968.

Lakini zama hizo hazikuwa za utulivu. Uchaguzi wa 1957 ulikuwa umekwisha kuwagawa majirani, na mwezi wa Juni 1961 damu ikamwagika mitaani. Ndani ya kitabu siasa haisikiki. Wako waliomlaumu mtunzi kwa hilo, na lawama yao ina haki yake. Ila tangu 1958 Abdulla alikuwa mhariri wa Mkulima, na si dhahiri kwamba mtu wa cheo hicho angeyasema yote akabaki kitini.

Bara, mpelelezi alivaa suti. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Gamba ni shushushu wa dola, na msomaji anatakiwa ampende. Ni riwaya ya kusomwa usiku mmoja, bastola na mapenzi, wala haidai zaidi ya hapo.

Visiwani mambo yalikwenda kinyume. Adam Shafi alimgeuza mpelelezi akamtazama kwa macho ya anayefuatwa. Katika Kuli, iliyotoka 1979, kijana Rashidi anaingia kazi ya ukuli bandarini na kufikishwa kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Baadhi ya kurasa zake zinahubiri kupita kiasi, lakini uzito wa gunia begani unauhisi.

Kazi yake kubwa ni Vuta N'kuvute, iliyochapishwa 1999, na kama msomaji ana nafasi ya riwaya moja tu, basi iwe hii. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume wa umri mkubwa, anaikimbia ndoa na kupata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Denge, aliyesoma Urusi, anafanya siasa za chini kwa chini dhidi ya Mwingereza, na makachero wako nyuma yake kila apitapo. Mapenzi yao yanakua huku yakivizwa. Hapa riwaya ya historia na riwaya ya upelelezi zimekuwa kitu kimoja bila ya kushonwa kwa nguvu, kwa sababu katika mji mdogo kama ule hapana pa kwenda pasipokuwa na jicho. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu. Filamu ni nzuri, ila mabishano na masihara ya watu wa Ng'ambo yamo kitabuni.

Kisha ikaja Haini, mwaka 2003. Mkoloni ameondoka, Mapinduzi yamepita, na wanaokamata sasa ni wenyeji. Nyuma ya riwaya hii yapo mauaji ya Rais Abeid Amani Karume ya tarehe 7 Aprili 1972 na kamatakamata iliyofuata. Mtunzi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani. Fumbo la Bwana Msa limekufa hapa. Hakuna anayetafuta ukweli kwa kiko na subira: jibu limekwisha andikwa, na mahabusi anateswa mpaka alikubali. Anayetoka kwa Bwana Msa na kufika kwa Hamza, shujaa wa Haini, atakuwa amesoma vitabu vilivyopishana miaka 43, na katika kitabu cha pili atajikuta, kila anapofungua ukurasa, akimwogopa anayeuliza maswali.