Mkono wa Kulia Ulipopanda Shingo ya Gitaa

Tarehe 10 Februari 1978, bendi changa kutoka Pasadena, California, ilitoa santuri yake ya kwanza, nayo ikabeba jina la bendi yenyewe: Van Halen. Kipande cha pili ndani yake hakina mwimbaji. Ni gitaa tupu kwa dakika 1 na sekunde 42, ukiacha ngoma na besi zinazosikika kidogo mwanzoni, nacho kinaitwa Eruption. Kinapokaribia kwisha, noti zinaanza kumiminika kwa kasi na kwa miruko ambayo wapiga solo wengi wa wakati ule, hata mahiri, hawakuelewa inatoka wapi.

Kilichokuwa kikifanyika ni hiki. Kwa kawaida mkono wa kushoto hubonyeza nyuzi kwenye shingo ya gitaa, na wa kulia huzichapa karibu na tumbo lake. Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliacha kuchapa. Kwenye uzi wa pili, kidole chake cha kulia kiligonga freti ya 9 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), kikaukwanyua uzi wakati wa kutoka ili ilie freti ya 2, ambayo mkono wa kushoto ulikuwa umeshaibana. Papo hapo kidole kingine cha kushoto kikagonga freti ya 5. Noti tatu kwenye uzi mmoja, na hakuna hata moja iliyochapwa. Kutoka freti ya 2 hadi ya 9 ni mbali mno kwa mkono mmoja kwenda na kurudi kwa kasi ile. Mikono miwili ikigawana kazi, umbali huo si kitu.

Lakini ukihesabu vidole vya kulia vilivyofanya kazi hiyo, utapata kimoja tu. Mtindo wa kugonga kwa vidole vingi, ambapo mkono wa kulia unapiga wimbo wake kamili juu ya shingo huku wa kushoto ukipiga mwingine, una historia ndefu kuliko Eruption. Waliojenga historia hiyo ni watu ambao mashabiki wengi wa roki hawawajui, na wanastahili kujulikana.

Huko Uturuki, wapigaji wa saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, wana ustadi wa jadi uitwao şelpe, wa kupiga kwa vidole vitupu, na sehemu yake mojawapo ni kugonga nyuzi shingoni kwa mikono yote miwili. Nchini Marekani, Roy Smeck, mwanamuziki wa jukwaani aliyeonekana katika filamu fupi za mwanzo zenye sauti, aligonga nyuzi za ukulele mbele ya kamera miaka ya 1930. Nchini Italia mwaka 1965, daktari wa eksirei aitwaye Vittorio Camardese alitokea kwenye televisheni ya taifa, RAI, akalipiga gitaa lisilo na umeme kwa kugonga shingoni kwa mikono miwili. Picha hizo bado zipo. Daktari alirudi kwenye kazi yake, na gitaa lilibaki kwake jambo la mapenzi.

Mzizi wa mtindo huu kwenye gitaa la umeme uko kwa mtu aliyekuwa anauza vifaa. Harry DeArmond wa Ohio alitengeneza vinasa sauti, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba ambazo hukaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Katika miaka ya 1940 alitaka kuwaonyesha wateja jinsi vinasa vyake vilivyo vyepesi kuhisi. Aligusa nyuzi shingoni kwa vidole bila kuzichapa, na amplifaya ikatoa sauti kamili. Uzi uliogongwa hutikisika kwa nguvu ndogo kuliko uliochapwa. Kwenye gitaa la kawaida sauti yake ni hafifu, ila ukiipitisha kwenye amplifaya inasimama sawa na nyingine. Ndiyo maana mtindo huu ulikua pamoja na umeme.

DeArmond alimwonyesha rafiki yake Jimmie Webster, aliyefanya kazi na kampuni ya magitaa ya Gretsch. Webster aliubeba ujuzi huo kama kazi ya maisha. Alizunguka kwenye maduka na maonyesho, mkono wa kushoto ukipiga besi na kordi, wa kulia ukigonga wimbo, na mwaka 1952 alichapisha kitabu cha mafunzo kilichoeleza njia hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1959 akatoa santuri ili watu wasikie. Wanunuzi walivutiwa na magitaa ya Gretsch, ambayo Webster mwenyewe alishiriki kuyabuni, lakini ni wachache waliojifunza njia yake. Roki ndiyo iliyokuwa imeshika masikio ya vijana, na roki ilitaka mkono wa kulia uchape kwa nguvu.

Kulikuwa pia na kizuizi cha kimwili. Webster na wenzake waliuacha mkono wa kulia ulale sambamba na nyuzi, kama unavyolala wakati wa kuchapa. Vidole vikija hivyo vinarundikana mahali pamoja, na ni vigumu kila kimoja kupata freti yake. Aliyeliondoa tatizo hilo ni Emmett Chapman wa Los Angeles, mpiga gitaa wa jazi aliyekuwa amejitengenezea gitaa la nyuzi tisa. Tarehe 26 Agosti 1969, katika mazoezi, aliinua shingo ya gitaa ikakaribia kusimama wima, akaupitisha mkono wa kulia juu yake mpaka ukatokea upande wa pili, ukiwa umekatiza nyuzi sawasawa na unavyokatiza wa kushoto. Kwa mkao huo vidole vya kulia vilijipanga kufuata urefu wa uzi, kila kimoja na freti yake. Mikono miwili sasa ilikuwa na haki sawa.

Hakuna tukio katika historia hii lenye uzito kuliko badiliko hilo la mkao, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya roki havina hata sentensi moja juu yake. Chapman aliacha kila kitu akashughulikia ugunduzi wake. Kwa kuwa tumbo la gitaa halikuwa na kazi tena, alilitupa. Alibaki na ubao mrefu wenye nyuzi kumi, unaovaliwa kwa mkanda ukasimama mbele ya kifua, akauita Stick, na mwaka 1974 akaanza kuuza. Ukitaka kusikia sauti yake, sikiliza mwanzo wa wimbo Elephant Talk wa King Crimson, wa mwaka 1981. Anayeipiga Stick humo ni Tony Levin. Chapman aliendelea kutengeneza ala hizo na kufundisha mpaka alipofariki mwaka 2021.

Kutoka kwake njia inaingia darasani. Mwaka 1977 Howard Roberts, mpiga gitaa wa jazi, pamoja na Pat Hicks walifungua Hollywood shule ya gitaa iliyoitwa Guitar Institute of Technology. Ilikuwa shule ya kazi: wanafunzi walishinda humo na magitaa yao, na wanamuziki waliokuwa wakiingia studio kila siku waliitwa kuonyesha wanachofanya. Chapman alikuwa mmoja wa walioalikwa. Mwanafunzi Steve Lynch alitoka kwenye onyesho hilo akiwa na wazo ambalo hakuliacha tena: kama ubao wa nyuzi kumi unaweza kupigwa hivi, gitaa la kawaida la nyuzi sita linashindwa nini? Alianza kuandika mazoezi ya vidole vya kulia, arpejio na skeli, kidole cha shahada, cha kati, cha pete, hata kidogo cha mwisho, na baadaye akayachapisha kama kitabu.

Katika shule hiyohiyo alisoma Jennifer Batten, wakati wanawake waliopiga gitaa la umeme kwa kiwango kile walikuwa wa kuhesabika. Alijifunza kutoka kwa Lynch, kisha akaupeleka mtindo mbali zaidi. Vidole vyake vya kulia havikuwa pambo la mwisho wa solo. Vilikuwa nusu ya muziki. Katika miaka ya 1980 aliandika kitabu chake cha mafunzo ya mikono miwili, na santuri yake ya kwanza ya mwaka 1992 ina Giant Steps ya John Coltrane ikiwa imehamishiwa kwenye gitaa. Wapigaji wa saksafoni huogopa wimbo huo kwa jinsi kordi zake zinavyobadilika haraka. Batten aliupitia kwa vidole vya mikono yote miwili.

Wengi wamemwona bila kumjua. Ni yule mwenye nywele nyeupe zilizosimama kama manyoya ya simba, pembeni mwa Michael Jackson katika ziara ya Bad, iliyoanza Septemba 1987 na kuhudhuriwa na watu zaidi ya milioni 4 hadi ilipomalizika mwaka 1989. Ilipofika zamu ya Beat It, yeye ndiye aliyepiga ile solo ambayo Eddie Van Halen aliirekodi mwaka 1982 bila kudai malipo. Mwaka 1993 Jackson alipotumbuiza katikati ya fainali ya Super Bowl, Batten alikuwa jukwaani pamoja naye, katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, mji uleule ambako Eddie alikulia.

Eddie naye ana nafasi yake, na haifai kumpunguzia. Alisimulia kwamba wazo lilimjia alipomtazama Jimmy Page wa Led Zeppelin jukwaani, akipiga kwa mkono wa kushoto peke yake huku wa kulia ukiwa hewani. Alishika kile kipande cha plastiki cha kuchapia kwa kidole gumba na cha kati, hivyo cha shahada kikabaki huru kugonga wakati wowote. Inasimuliwa pia kwamba katika klabu za Los Angeles, kabla ya santuri kutoka, aliwapa watu mgongo alipofika sehemu hiyo ili washindani wasimwibie. Mwaka 1987 alipewa hataza ya kibao kinachokunjuka nyuma ya gitaa na kulilaza mbele ya mpigaji, uso juu, ili mikono yote miwili iweze kugonga kwa raha. Ni ushahidi kwamba yeye pia alikuwa akifikiria mbali kuliko kidole kimoja.

Upande wa jazi, aliyewashangaza watu ni Stanley Jordan, mzaliwa wa Chicago aliyeanza na piano utotoni. Alihitimu Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1981, kisha akawa akipiga gitaa barabarani New York, kofia chini. Alitaka gitaa limpe alichozoea kwenye piano: besi, kordi na wimbo kwa wakati mmoja. Aliutyuni upya mpangilio wa nyuzi ili umbali kati ya kila uzi na jirani yake uwe uleule, na umbo la vidole lililojifunzwa mahali pamoja lifanye kazi popote. Santuri yake Magic Touch ya mwaka 1985, chini ya Blue Note, ilikaa kileleni mwa orodha ya jazi ya jarida la Billboard kwa wiki 51.

Anayejifunza leo anakutana na tatizo ambalo wote hao walilitatua kwanza: kelele. Ukigonga uzi, sehemu yake iliyo mbele ya kidole inalia, na iliyo nyuma yake inalia pia. Nyuzi jirani nazo zinaamka. Ukiongeza sauti ya amplifaya, uchafu wote unaongezeka. Kwa hiyo wapigaji hufunga kitambaa, au hata kibanio cha nywele, karibu na kichwa cha gitaa ili kuzinyamazisha. Nyuzi hushushwa zikaribie freti. Kisha yanakuja mazoezi yenyewe, polepole, kwa metronomu, mpaka noti ya kidole cha pete isikike kwa nguvu ileile ya kidole cha shahada. Kidole cha pete cha mkono wa kulia ndicho kinachochelewa zaidi, kwa sababu kwa mtu aliyezoea kuchapa hakijawahi kupewa kazi.

Miongoni mwa wanaouendeleza mtindo huu leo, Yvette Young wa California alianza na piano na fidla tangu utotoni, na gitaa likaja baadaye. Katika bendi yake Covet huzityuni nyuzi F, A, C, G, C, E, mpangilio unaotoa kordi pana hata kabla mkono wa kushoto haujabonyeza kitu, na vidole vya kulia hugonga kana kwamba viko juu ya kinanda. Tosin Abasi, aliyezaliwa Marekani na wazazi kutoka Nigeria, hugonga kwa mikono miwili kwenye gitaa la nyuzi nane na bendi yake Animals as Leaders. Mwaka 2020 kampuni ya Ibanez ilitoa gitaa lenye jina la Young, na vijana wanaolinunua hujifunza nyimbo zake kwa kugonga moja kwa moja, wengine kabla hawajajua kuchapa skeli moja sawasawa.