Kupungua kwa fizi
Kupungua kwa fizi ni hali ya ufizi kujivuta na kuacha mzizi wa jino wazi. Wengi husema ni uzee, lakini wapo wazee wenye fizi nzima na vijana ambao zao zimejivuta. Umri huongeza tu muda wa madhara kulimbikizana. Visababishi vikuu ni ugaga, tumbaku na kusugua kwa nguvu, mswaki uwe wa dukani au wa mti. Ufizi uliopotea hauoti tena, hivyo anayeona meno yake yanarefuka, Mbeya au Iringa, asingoje maumivu: awahi kliniki ya meno ya hospitali ya rufaa. Matibabu huanza kwa kukwangua ugaga hadi chini ya ufizi. Penye upungufu mkubwa, hupandikizwa nyama kutoka kaakaani. Kung'oa si tiba ya kwanza.