Kutoka Lango la Mathari hadi Namba 116: Kijana wa Kenya na Tiba ya Akili

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliyageuza makazi ya kuwatenga wagonjwa wa ndui jijini Nairobi kuwa nyumba ya wendawazimu. Mwaka 1924 mahali hapo pakaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Ndui ikaondoka, kazi ya kutenga ikabaki, tena kwa rangi: Wazungu na Waafrika walilazwa mbalimbali. Dakta J. C. Carothers, aliyeiongoza kuanzia 1938 hadi 1950, alikabidhiwa kazi hiyo kabla hajasomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichodai kwamba Mwafrika hautumii ubongo wake kikamilifu. Wataalamu walikwisha kulikataa dai hilo, lakini sifa ya mahali haikufutika. Mitaani nchini Kenya, kumwambia mtu apelekwe Mathari ni kumtukana, kama sisi Tanzania tunavyolitumia vibaya jina la Mirembe ya Dodoma.

Sasa mfikirie msichana wa miaka 15 ambaye hapati usingizi kwa hofu asiyoijua chanzo chake. Si lazima alazwe. Angeweza kutibiwa kama mgonjwa wa nje, aonane na mshauri, arudi nyumbani jioni. Lakini akionekana langoni, atapewa jina litakalomfuata hadi darasani. Sheria nayo ilimtisha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka 2. Nani angemweleza muuguzi ukweli wote?

Hapo ndipo simu ilipopata thamani yake. Namba 116, inayotumika pia Tanzania na Uganda, hupigwa bure. Mtoto haulizwi nauli wala hapiti langoni. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021, ushauri nasaha kwa simu ulikuwa kwa wengi njia pekee iliyosalia. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao uliutoa kupitia namba 1199.

Hata hivyo, mimi siamini kwamba simu inatosha. Simu yenyewe mara nyingi ni ya mama, na nyumba yenye chumba kimoja haina faragha. Kijana atasemaje kuhusu baba ambaye ameketi hapo hapo? Shule nyingi za bweni, tena, hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Mshauri husikia sauti, lakini haoni mikono inayotetemeka, wala mwili uliokonda, wala kovu lililofichwa na shati la mikono mirefu. Wala dawa haipiti kwenye waya. Simu ifaapo ni ile ambayo mwisho wake kuna chumba, na ndani ya chumba kuna mtu.

Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba ya 2010, ikitaja usawa, utu na haki ya afya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo ni ya ukoo uleule wa kikoloni, nayo imekuwa na kifungu cha namna hiyo.