Sala Zilizosukwa: Kutoka Jangwa la Misri Hadi Kochi la Sebuleni

Jioni moja katika jumuiya yetu ndogondogo, tukiwa kwenye fumbo la tatu la rozari, mwenyekiti alisimamisha sala. Bibi mmoja aliyeketi mkekani karibu na mlango alikuwa anafuma kitambaa cha kochi, kile cheupe ambacho hakikosekani katika sebule za mtaani kwetu. "Bibi, hebu weka kazi pembeni tumwombe Mungu," mwenyekiti akamwambia. Bibi hakuinua macho. "Endelea tu, mwanangu. Nikiiweka hii ndipo nitakapoanza kuwaza bei ya sukari."

Watu wakacheka, rozari ikaendelea, na sindano ikaendelea. Mimi nilibaki na swali lililojificha katika maneno ya mwenyekiti, maana halikuwa swali la kipuuzi: je, mikono yenye kazi inasali?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa kale na watawa wa Misri. Katika masimulizi ya wazee wa jangwani, wamo watawa wa kundi la Waeukiti, jina lenye maana ya watu wa sala, waliomtembelea Abba Lusio huko Enaton, nje ya Aleksandria. Mzee akawauliza wanafanya kazi gani ya mikono. Wakajibu kwamba wao hawagusi kazi. Mtume Paulo amewaagiza Wathesalonike kusali bila kukoma, nao wanatii. Akawauliza kama wanakula. Wanakula. Kama wanalala. Wanalala. Basi wakiwa mezani au usingizini, nani anawasalia? Wakakosa jibu. Ndipo alipowapa hesabu zake. Yeye huketi na majani yake yaliyolowekwa, akasuka kamba huku akiisema Zaburi ya 51, ile ya kuomba rehema. Kazi ya siku humpatia sarafu 16, zikizidi au zikipungua kidogo. Mbili huziacha mlangoni, zilizobaki hujinunulia chakula. Anayeziokota zile mbili humwombea mzee wakati mzee anakula na wakati amelala, na hivyo sala yake haikatiki usiku wala mchana.

Napenda hesabu hiyo kuliko hotuba nyingi za kiroho nilizowahi kusikiliza. Sarafu zimetajwa, chakula kimetajwa, na maskini wa mlangoni anafanya kazi ya kweli: ndiye anayeshika zamu ya usiku.

Lakini jangwa lenyewe halikuwa na kauli moja. Antoni, aliyemtangulia Lusio, inasimuliwa kwamba alichoshwa na upweke na mawazo mengi hata akamlilia Mungu amwonyeshe njia. Akaona mtu anayefanana naye ameketi anasuka kamba, kisha anainuka kusali, kisha anaketi tena na kamba yake. Alikuwa malaika, na fundisho lilikuwa hilohilo: fanya hivi utaokoka. Tazama kwamba malaika aliinuka. Kwake kazi na sala zinapokezana. Kwa Lusio zinakwenda pamoja katika pumzi moja.

Wa tatu ni Abba Paulo, ambaye habari zake tunazo kwa Yohane Kasiano, mwandishi wa karne ya 5. Aliishi mbali mno na miji. Nauli ya kupeleka vikapu sokoni ingezidi bei yake. Hata hivyo alijiwekea kiasi cha kazi kila siku kama mtu anayedaiwa, akakusanya makuti na kuyafanyia kazi, pango likajaa. Mwaka ukiisha, alivitia moto vyote na kuanza upya. Kazi ilikuwa ya kuutuliza moyo tu. Sijui ningemwambia nini kama ningemkuta kwenye moto ule, lakini nadhani bibi yetu angemwita mwendawazimu.

Msomaji wa pwani haoni ugeni wowote katika habari hizi za majani. Mtende wa Misri na mkindu wetu ni wa jenasi moja, na ukindu nao, kama majani ya Lusio, huloanishwa kabla ya kusukwa ili usivunjike vidoleni. Mama wa Pemba au Lamu anayesuka ukili barazani anaweza kuleta dhikri muda wote huo, na sidhani kuna sheikh atakayemkataza. Ila adhana ikitoka, ukili unawekwa chini. Swala ina wakati wake, udhu wake na nguzo zake, na mikono imepangiwa mahali pake katika kila hatua: haiwezi kushika kitu kingine. Kisha anarudi kwenye ukili. Ukimweka mama huyo Mwislamu kando ya wazee wa jangwani, amesimama karibu na Antoni kuliko Lusio alivyosimama. Tena mkeka anaousuka unaweza kuwa ndio atakaousalia, jambo ambalo kamba ya Antoni haikuwa nalo.

Lugha yetu inasaidia hapa. Waislamu wanatofautisha swala, dua na dhikri, na kila moja ina adabu yake kwa mikono. Wakristo wanaozungumza Kiswahili nao wana mgawanyiko wao ambao hawautangazi: Mkatoliki anasema anakwenda kusali, mlokole anasema anakwenda kwenye maombi. Maombi ya mlokole huja papo hapo, kwa maneno yake mwenyewe, mara nyingi mikono ikiwa juu. Huwezi kuinua mikono na sindano. Rozari na zaburi iliyokaririwa huacha vidole huru, maana ulimi unaijua njia. Kwa hiyo, kabla ya kubishana kama kufuma kunafaa kuwa sala, ni vema kuuliza unazungumzia sala ya namna gani. Mwenyekiti wetu alisema "tumwombe". Bibi alikuwa anasali.

Waorthodoksi wamekwenda mbele hata wakaifanya sala yenyewe kuwa kitu cha sufu. Komboskini ni kamba ya mafundo, aghalabu 33 au 100, na kila fundo hufungwa kwa misalaba midogo iliyopitana ndani yake. Mtawa anayeifunga humtaja Yesu akiomba rehema, na atakayeipokea ataisalia sala hiyohiyo fundo baada ya fundo. Masimulizi ya watawa yanasema mafundo ya kwanza yalikuwa mepesi, shetani akawa anayafungua, ndipo likapatikana fundo la misalaba. Nani aliyewahi kufuma ambaye hakuwahi kumshuku shetani kuwa ndiye aliyefumua?

Kwa Wayahudi, nyuzi za pembe za vazi la sala zina sharti ambalo sijaliona kwa Wakristo: zinapaswa kusokotwa kwa nia ya kutimiza amri ya kuzivaa, na desturi ni kuitamka nia kabla ya kuanza. Nyuzi 8, mafundo 5. Na katika desturi inayofuatwa na wengi, kati ya mafundo uzi huzungushwa mara 7, 8, 11 na 13. Uzi uliosokotwa bila nia, hata ukiwa mzuri namna gani, haufai. Sisi tunalo neno hilohilo, nia, na tunalitumia kwa Misa na kwa funga ya Ramadhani, lakini hatujawahi kumdai fundi wa kitambaa cha altare ailete.

Katika Uzeni wa Soto, baadhi ya Wabudha wanaojiandaa kupokea maagizo hushona vazi lao wenyewe kwa mkono, vipande vilivyounganishwa mithili ya majaruba ya mpunga, na katika kila mshono hutamka kwa Kijapani maneno ya kumkimbilia Buddha. Mshono mmoja, tamko moja, kwa maelfu. Hapo hakuna anayeombewa. Anayeshona ndiye atakayevaa.

Nimeyataja haya ili nifike Marekani, ambako mwaka 1998 Janet Bristow na Victoria Galo, waliokuwa wamesoma katika seminari ya Hartford, Connecticut, walianzisha huduma ya shali za sala. Mtindo wao ni rahisi: mishono mitatu ya kawaida, mitatu ya kinyume, na wengi huusoma kama Utatu. Mfumaji humkumbuka mgonjwa, mfiwa au mama aliyejifungua tangu mshono wa kwanza hadi wa mwisho, shali hubarikiwa, kisha humfikia mlengwa mabegani. Vikundi vimeenea katika makanisa ya madhehebu mengi na hata nje ya Ukristo.

Tofauti na jangwa ni kubwa. Choma shali, na mfumaji wa Connecticut atahisi sala imeungua. Abba Paulo angeota moto. Shali ni mwili wa sala. Mhenga wake katika Biblia hayuko jangwani. Yuko Yafa, ni Dorkasi. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea. Luka haandiki kwamba Dorkasi alisali akishona. Anaandika nguo, na nguo zinatosha kumtetea.

Hata hivyo shali ina upungufu mmoja unaonisumbua. Inamchukulia mfumaji kuwa mtu aliyekwisha kula. Sufu inanunuliwa na shali haiuzwi, na bei ikitajwa inaonekana kuchafua jambo. Kwetu mambo yalianza upande wa pili. Wasichana wa shule za misheni walifundishwa kushona na kufuma, na vilabu vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanzishwa Kenya mwaka 1952 vilifundisha vivyo hivyo, kwa ajili ya nyumba na kipato. Sweta za shule zimefumwa, vitambaa vimeuzwa, karo imelipwa. Wanawake hao walisali wakifuma, kila mtoto wa nyumba hizo anajua. Lakini kwa kuwa kazi ilikuwa ya kuuzwa, hakuna aliyeiandikia sala ya kuibariki, na mimbarini iliitwa mradi.

Lusio angeshangaa. Kwake sarafu 16 hazikuiharibu Zaburi ya 51. Ndizo zilizoikamilisha, kwa kuwa bila zile mbili za mlangoni sala ingekatika mzee anaposinzia. Katika wote niliowataja, huyu ndiye niliyekubaliana naye, na namwona anamfaa bibi wa jumuiya yetu kuliko anavyomfaa mfumaji wa Hartford. Mapadre wanaobariki magari mapya uwanjani baada ya Misa ya pili wana nafasi ya kubariki mifuko ya nyuzi pia, pamoja na soko lake.

Kitambaa cha jioni ile bibi alikiuza kabla ya Krismasi. Aliyekinunua ni mke wa mwenyekiti, na zamu ya nyumba yao ikifika, tunaisali rozari kochi likiwa limevikwa hicho.