Fundichuma na Jumba Lake la Vijiti

Ukiona kitu kama mzigo wa kuni uliokwama kwenye panda ya mti, hicho ni kiota. Mwenyewe ni fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kishungi kisogoni, ambaye uzito wake kwa kawaida haufiki nusu kilo. Kiota hufikia upana wa mita 1.5, na mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Mlango ni tundu dogo kwa chini, lililokandikwa udongo. Dume na jike hujenga pamoja, viota kadhaa kwa mwaka, hata wasipotaga. Vilivyoachwa huhamiwa na bundi, kenge au nyoka, kwa hiyo usipenyeze mkono.

Mawindo ya fundichuma ni vyura na samaki wadogo: huchezesha miguu kwenye tope mpaka wakurupuke.

Jamii nyingi za Afrika humhesabu ndege wa mikosi. Husemwa kwamba ukibomoa kiota chake, radi itakufuata. Hofu hiyo imemfaa: wengi humwacha ajenge kwa amani. Hupenda kujenga kwenye panda za miti na kingo za miamba, na vilima vya mawe vya Mkolani, jijini Mwanza, vina vyote viwili.