Kutoka Meza ya Mwendeshaji hadi Lango la Wingu: Historia ya Mamlaka juu ya Mashine Pepe, 1967–2019

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna mamlaka ya kufuatilia na kusimamia mashine pepe yalivyogawanywa tangu mfumo wa CP-40 ulipoanza kutumika mwaka 1967 hadi huduma za wingu za miaka ya 2010. Hoja kuu ni kwamba mgawanyo wa mamlaka uliojengwa ndani ya mifumo ya kompyuta kuu katika miaka ya 1970 haukuhamia kwenye akaunti za wateja wa wingu huduma hiyo ilipofunguliwa mwaka 2006. Ulirejeshwa hatua kwa hatua, na kwa sehemu kubwa ukabaki jambo la hiari ya mteja. Matukio mawili, la Code Spaces mwaka 2014 na la Capital One mwaka 2019, yanachambuliwa ili kuonesha gharama ya hali hiyo.

1.0 Utangulizi

Mashine pepe ni kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Huwa na prosesa, memori na diski zake, na mfumo endeshi uliomo ndani yake hufanya kazi kana kwamba unamiliki kifaa kizima. Chini yake hukaa programu msimamizi, ambayo hugawa rasilimali za kifaa halisi na kuzuia mashine moja isiingilie nyingine. Kwa njia hiyo, kifaa kimoja huweza kubeba mashine za watu wengi wasiojuana.

Historia ya teknolojia hii husimuliwa zaidi kama historia ya ufanisi: kifaa cha bei kubwa kiligawiwa watumiaji wengi, gharama ikashuka. Simulizi hilo ni sahihi, ila linaacha kando swali la mamlaka. Ni nani mwenye haki ya kuwasha, kusimamisha, kunakili na kufuta mashine pepe? Na ni nani anayemwona anapofanya hivyo? Swali hili lina uzito wa pekee kwa sababu mashine pepe, tofauti na kompyuta ya chuma, huweza kutoweka kwa amri moja iliyotumwa kutoka popote duniani. Insha hii inafuata swali hilo katika vipindi vitatu: kompyuta kuu za IBM, kuzaliwa kwa lango la wingu, na miaka ambayo udhaifu wa lango hilo ulidhihirika.

2.0 Madaraja ya Mamlaka katika Kompyuta Kuu

Mfumo wa CP-40 ulibuniwa katika kituo cha utafiti cha IBM kilichopo Cambridge, Massachusetts, chini ya uongozi wa Robert Creasy. Ulianza kutumika Januari 1967 katika kompyuta ya System/360 Model 40 iliyofanyiwa marekebisho, na uliweza kubeba mashine pepe 14. Mrithi wake, CP-67, uliwafikia wateja nje ya IBM. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni za National CSS na Interactive Data Corporation zilikuwa zikiuza muda wa kompyuta kwa njia ya simu zikitumia mfumo huo. Biashara ya kukodisha mashine pepe kwa wateja wa mbali, kwa hiyo, ilitangulia neno “wingu” kwa miongo kadhaa.

Agosti 1972 IBM ilitangaza VM/370, na ndani yake swali la mamlaka lilipewa jibu la wazi. Kila mtumiaji aliandikwa katika daftari la mfumo pamoja na nywila yake, ukubwa wa mashine yake na daraja la amri alizoruhusiwa kutoa. Madaraja hayo yalitambulishwa kwa herufi. Daraja A lilikuwa la mwendeshaji mkuu, ambaye ndiye aliyeweza kuufunga mfumo mzima. Daraja B lilihusu ugawaji wa vifaa, na daraja E lilikuwa la mchambuzi wa mfumo, aliyeweza kuchunguza mwenendo wa kompyuta bila kupewa uwezo wa kuifunga. Daraja G lilikuwa la mtumiaji wa kawaida, ambaye amri zake ziliishia katika mashine yake mwenyewe.

Katika mpango huo, kufuatilia na kusimamia vilitambuliwa kuwa kazi mbili tofauti. Anayepima mzigo wa prosesa hakulazimika kuwa ndiye anayeweza kuzima. Halikuwa agizo lililoandikwa ukutani ili likumbukwe. Programu dhibiti yenyewe ilikataa amri iliyotoka kwa mtu asiye na daraja lake.

Hata hivyo, si sahihi kuupamba mfumo huo kupita kiasi. Mtu mmoja aliweza kupewa madaraja kadhaa. Vilevile, uchunguzi wa Attanasio, Markstein na Phillips (1976), waliojaribu kwa makusudi kuivunja VM/370, ulipata dosari, nyingi zikiwa upande wa uingizaji na utoaji wa data. Ulinzi mwingine ulitokana na mazingira: meza ya mwendeshaji mkuu ilikuwa ndani ya chumba chenye mlango, na aliyeketi pale alionekana na wenzake. Madaraja na mlango vilisaidiana. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili kwa kuwa lango la wingu liliuondoa mlango kabla ya kuyarejesha madaraja.

3.0 Kifaa Kidogo na Mapumziko Marefu

Mwaka 1974 Popek na Goldberg walitoa masharti rasmi ya programu msimamizi. Programu iliyo ndani ya mashine pepe iende kama ambavyo ingeenda katika kifaa halisi. Amri nyingi zitekelezwe na prosesa moja kwa moja. Na programu msimamizi ibaki na udhibiti kamili wa rasilimali. Prosesa za kompyuta ndogo za jamii ya x86, zilizoenea kuanzia miaka ya 1980, hazikutimiza masharti hayo. Teknolojia ikabaki katika kompyuta kuu hadi kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipopata njia ya kuzunguka kikwazo hicho. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha maelezo ya Xen, programu msimamizi ya chanzo huria. Katika Xen, mashine moja maalumu, iliyoitwa Domain 0, ndiyo iliyopewa mamlaka ya kuunda na kuzisimamia nyingine.

4.0 Lango Lisilo na Ngazi, 2006–2013

Xen ndiyo iliyokuwa msingi wa huduma ya EC2 ya kampuni ya Amazon, iliyofunguliwa kwa majaribio Agosti 2006. Sehemu kubwa ya huduma hiyo ilijengwa Cape Town, Afrika Kusini, na timu iliyoongozwa na Chris Pinkham. Mashine pepe ya kwanza kukodishwa ilikuwa na memori ya gigabaiti 1.75 na iligharimu senti 10 za Marekani kwa saa. Mteja alihitaji kadi ya benki, funguo za siri za akaunti yake na amri chache za kuandika. Hakukuwa na chumba wala mwendeshaji wa kumwomba.

Mpangilio wa mamlaka katika huduma hiyo unahitaji kutazamwa kwa pande mbili. Kati ya mtoa huduma na mteja, ngazi ilikuwepo: mteja hakuweza kugusa Domain 0 wala mashine za jirani yake, kama vile mtu wa daraja G asivyoweza kuufunga mfumo. Ndani ya akaunti ya mteja, hali ilikuwa tofauti. Aliyeshika funguo za akaunti aliweza kila kitu, na waliofanya kazi pamoja walilazimika kutumia funguo zilezile. Mteja alikuwa mtumiaji wa kawaida mbele ya mtoa huduma, lakini ndani ya milki yake alikuwa mwendeshaji mkuu asiye na msaidizi wala mkaguzi. Sababu inaeleweka. Huduma ilimlenga mbunifu mmoja wa programu mwenye kadi moja, na kwa mtu mmoja madaraja hayana maana. Tatizo lilizaliwa kampuni nzima zilipohamia katika akaunti iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja.

Tarehe za nyongeza zilizofuata zinaonesha mpangilio wa vipaumbele. Lango la kusimamia mashine kwa kubofya lilifunguliwa Januari 2009. Mei mwaka huohuo ikaja CloudWatch, inayopima mzigo wa prosesa, mtandao na diski. Mwaka 2009 pia ulileta uthibitishaji wa hatua mbili. Huduma ya kugawa ruhusa kwa watumiaji tofauti ndani ya akaunti moja ilikamilika mwaka 2011. CloudTrail, inayorekodi nani alitoa amri gani na saa ngapi, ilitangazwa Novemba 2013.

Kwa maneno mengine, uwezo wa kutenda ulitangulia. Ufuatiliaji wa mashine ulifuata baada ya takriban miaka mitatu. Na rekodi ya matendo ya msimamizi ilikuja baada ya miaka saba. Lango lilijifunza kuitazama mashine mapema zaidi kuliko lilivyojifunza kumtazama anayeiamuru.

5.0 Code Spaces, Juni 2014

Code Spaces ilikuwa kampuni iliyohifadhi misimbo ya programu za wateja wake ndani ya wingu la Amazon. Tarehe 17 Juni 2014 tovuti yake ilishambuliwa kwa wingi wa maombi ya uongo. Wakati huohuo, mtu aliyekuwa amepata njia ya kuingia katika lango lake la usimamizi aliacha ujumbe wa kudai fedha. Kampuni ilijaribu kubadili nywila. Mvamizi, aliyekwisha kujitengenezea njia nyingine za kuingia, aliliona jaribio hilo na kuanza kufuta. Katika muda wa takriban saa 12, sehemu kubwa ya data, nakala rudufu na mashine ilikuwa imetoweka. Kampuni ilitangaza kwamba haiwezi kuendelea na biashara.

Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, hakukuwa na dalili kwamba mvamizi aliingia ndani ya mashine, kwa kuwa hakuwa na funguo za mashine hizo. Ulinzi wa ndani ulisimama imara hadi dakika ya mwisho. Xen haikuvunjwa, na sharti la Popek na Goldberg kuhusu udhibiti wa rasilimali halikukiukwa: programu msimamizi ilitii amri halali iliyotoka katika akaunti halali. Aidha, nakala rudufu zilifikiwa kupitia mamlaka yaleyale yaliyofikia data asilia, hivyo aliyeweza kufuta kimoja aliweza kufuta vyote. Katika lugha ya VM/370, daraja A lilikuwa limepatikana kwa nywila, nje ya chumba, bila shahidi. Kufikia siku hiyo, uthibitishaji wa hatua mbili na ugawaji wa ruhusa vilikuwa vimepatikana kwa miaka kadhaa. Lakini vilikuwa hiari.

6.0 Capital One, 2019

Tukio la pili linaonesha kwamba hata rekodi, ikiwepo, haitoshi. Machi 2019 mtu wa nje alitumia ukuta wa kinga wa tovuti ya benki ya Capital One, uliokuwa umesanidiwa vibaya, kupata vitambulisho vya muda vya mashine iliyokuwa ndani ya wingu. Ruhusa zilizoambatana na vitambulisho hivyo zilikuwa pana kuliko kazi ya mashine hiyo, zikamwezesha kunakili taarifa za watu takriban milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Kanada.

Amri hizo zilirekodiwa, na baadaye rekodi zilisaidia upelelezi. Hata hivyo, benki ilijua kilichotokea Julai 17, kwa taarifa iliyotumwa na mtu wa nje. Kati ya Machi na Julai, ushahidi ulikuwepo bila msomaji. Mwaka 2020 mdhibiti wa benki wa Marekani aliitoza Capital One faini ya dola milioni 80.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kwamba historia ya mashine pepe haikwenda kwa mstari ulionyooka kutoka udhaifu hadi usalama. VM/370 ilitenganisha kutenda na kutazama tangu miaka ya 1970, huku chumba chenye mlango kikiziba baadhi ya mianya. Lango la wingu liliwapa watu wengi uwezo uliokuwa wa wachache, nalo likaacha nyuma ngazi pamoja na mlango. Code Spaces iliangamia kwa kukosa ngazi. Capital One ilijeruhiwa kwa ruhusa pana na rekodi isiyosomwa kwa wakati.

Matokeo haya yana uzito kwa Afrika Mashariki pia. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria hizo zinamtwika anayekusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na wajibu huo haumwondokei kwa kuziweka katika mashine za kukodi. Kwa hiyo, taasisi inayofungua akaunti ya wingu inapaswa kujibu maswali yaleyale yaliyojibiwa na daftari la VM/370: nani anaweza kufuta, nani anaweza kutazama tu, na nani anasoma rekodi ya waliofuta. Lango halimjibii mteja maswali hayo. Linampa tu nafasi ya kuyajibu mapema, kabla hajayajibu mbele ya mdhibiti.