Tabibu wa Glyncorrwg

Maradhi ya ghafula humkimbiza mgonjwa kwa tabibu. Maradhi ya kudumu humwacha nyumbani mpaka wakati umepita. Shinikizo la damu aghalabu haliumi. Mtu huweza kuishi nalo miaka mingi, akifanya kazi na kucheka na wenziwe, huku moyo, figo na mishipa vikiharibika kwa siri.

Jambo hili lilimshughulisha Julian Tudor Hart, aliyeanza utabibu mwaka 1961 huko Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika Wales. Tangu mwaka 1948 kumwona daktari hakukuwa na malipo nchini Uingereza. Lakini mlango ulio wazi haumwiti asiyejijua kuwa ni mgonjwa. Basi mwaka 1968 alianza kuwapima watu wazima wa kijiji kizima, wala si wale tu waliokuja kwake. Aliyeonekana na ugonjwa aliandikwa daftarini, akatibiwa, akapangiwa siku ya kurudi, asiporudi, alitafutwa.

Mwaka 1971 aliandika katika jarida la The Lancet kwamba tiba njema huelekea kuadimika pale inapohitajiwa zaidi. Mwaka 1991 yeye na wenziwe walitoa hesabu ya miaka 25: vifo vya kabla ya uzee vilikuwa vichache Glyncorrwg kuliko katika kijiji jirani kilichofanana nacho kwa ufukara. Dawa zilikuwa zile zile. Kilichozidi ni daftari, na mtu wa kulifungua kila siku.